Kadzama Nyeusi

Mzee Kahindi hakukataa. Angalikataa, bintiye Mbeyu angalijua pa kuanzia ugomvi, na ugomvi aliuweza. Mzee aliendelea kukatakata vitunguu kwa ule mwendo wake wa mpishi wa meli, macho makavu, akasema kwamba mwenye haja ya mke huleta kadzama, na kadzama hutoka katika minazi ya babake. Huyo fundi wako, akauliza, kwao kuna minazi?

Alijua haipo. Wekesa alikuwa Mbukusu, mtu wa Bungoma huko bara, na mtu wa Bungoma huuona mnazi kwenye kalenda.

Kadzama, kwa Wagiriama, ni kibuyu cha tembo la mnazi ambacho upande wa mume huupelekea upande wa mke siku ya kwanza ya posa. Kikinywewa, mazungumzo yamefunguliwa. Kisiponywewa, wageni hubeba kibuyu chao wakaenda zao, na hakuna aliyetukanwa. Mbeyu alijaribu kusema kwamba siku hizi tembo hununuliwa. Babake akamjibu kwamba tembo la kununua ni la mlevi, si la mkwe. Kisha akatia vitunguu katika mafuta, na kelele za mafuta zikawa ndizo neno la mwisho.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, miezi michache baada ya vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara. Wekesa alikuwa amepanga chumba huko. Chumba kikachomwa, naye akavuka Feri na begi moja na spana zake, akapata kazi ya kutengeneza malori pale Makupa, na chumba hapo hapo. Mzee Kahindi alimsikitikia kila aliyechomewa, na hakuwa na neno baya juu ya watu wa bara. Alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo Mbeyu aliijua ijapokuwa haikutamkwa: yakizuka tena, mtu wa bara atarudi kwao, na mtu akirudi kwao huondoka na mkewe. Mamake Mbeyu alikuwa amekwisha kufa. Katika nyumba yao ya Tudor, Mombasa, walibaki wawili, mzee na binti, na redio.

Jioni hiyo Mbeyu alikwenda Makupa kupeleka habari. Wekesa alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Mbeyu akaiambia miguu hiyo kwamba baba anataka uchi.

Miguu ikatulia. Kwa Kigiriama uchi ndilo tembo lenyewe. Mbeyu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na alijua vyema kwamba kwa Kiswahili neno hilo humvua mtu nguo. Alilichagua makusudi.

"Wa nani?" Wekesa akauliza kutoka chini ya lori.

Walipomaliza kucheka, shida ilikuwa pale pale. Wekesa alisema bibi yake alikuwa hodari wa busaa, na yeye mwenyewe alikua akimsaidia kuotesha wimbi na kuukausha kuwa kimea. Angeweza kujaribu. Mbeyu alikataa papo hapo. Mzee akiona busaa mezani pake ataona Bungoma imekwisha kuingia nyumbani na kukaa kitako. Tembo hawana, busaa haifai. Ilitakiwa pombe isiyokuwa ya huku wala ya kule, na ambayo mzee hawezi kuikunjia uso.

Pombe ya namna hiyo ilikuwapo, na Mbeyu aliijua tangu utotoni, maana babake hakuacha kuisimulia. Zamani, baridi kali, meli yao ililala Antwerp ikingoja kutengenezwa, na huko Ubelgiji Kahindi alikunywa bia nyeusi inayopikwa na watawa. Nyeusi kama kahawa, alisema, tamu kama halua inayoanza kuungua, na inapanda puani kama tangawizi. Ami Charo, mdogo wake mzee, aliyekaa Kaloleni na hakuwahi kupanda hata ngalawa, alikuwa akimwambia kila mara kwamba alichokunywa ni dawa ya farasi.

"Tutampikia ile yake," Mbeyu akasema.

Wekesa aliuliza kama anajua kupika bia. Hajui, akajibu, lakini hata hao watawa hawakuzaliwa wakijua.

Katika maktaba ya mjini alipata kitabu cha Mwingereza mmoja kuhusu bia za nyumbani, chenye kurasa chache juu ya bia nyeusi za Ubelgiji. Alisoma akiwa amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kutabasamu. Shayiri iliyooteshwa. Sukari nyeusi: si ndiyo sukari guru? Ganda la chungwa chungu: danzi hilo, liko Marikiti kwa vikapu. Mbegu za giligilani. Mbeyu alihisi kana kwamba watawa wale walichungulia jikoni mwa bibi yake. Kilichokosekana ni maua fulani ya uchungu ambayo Wazungu huyatia katika bia zao, na ambayo Mombasa hayamei. Wekesa akapendekeza mwarobaini. Walichemsha majani mawili matatu, kila mmoja akaonja kijiko, na baada ya kutema na kusukutua wakakubaliana kwamba danzi latosha.

Shayiri ndiyo iliyowaumbua kwanza. Waliinunua Marikiti, nyeupe, safi, ile inayopikwa supu mwezi wa Ramadhani. Wakailoweka, wakaitandaza juu ya gunia bichi, wakangoja iote. Haikuota. Ikateleza, ikavunda, chumba cha Wekesa kikanuka kama mtaro wa soko. Wekesa alisema wimbi wa bibi yake ungekuwa umekwisha kutoa mikia. Mbeyu alichukua punje kadhaa kwenye karatasi akaenda nazo Mji wa Kale, kwa Tayebali.

Tayebali alikuwa Mwislamu wa Kibohora, mzee mwenye duka la nafaka na viungo, na kofia yake nyeupe ya ukingo wa dhahabu haikuwahi kuonekana na doa. Alizipindua punje kwa ukucha. Alimweleza kwamba hii imekobolewa, kiini chake kimevuliwa na kusuguliwa. Ni maiti, na maiti haioti. Anayoitaka ina ganda lake, na Wahindi wenyewe huiita jav. Banyani huipanda katika bakuli siku za sikukuu yao, ikachipua kijani. Akatia mkono katika gunia lililokuwa nyuma yake, kisha akauliza anataka kuifanyia nini.

Mbeyu alikuwa na uwongo tayari ulimini: maji ya shayiri, dawa ya figo. Nusu ya wanawake wa Mji wa Kale waliyanywa. Lakini mzee yule alikuwa akimtazama kwa wema, na uwongo ukakataa kutoka. Alimwambia yote, posa na bia na Bungoma.

Tayebali alitoa mkono wake guniani, taratibu, akaukung'uta.

"Basi haitapimwa kwa mizani yangu, mwanangu," akasema.

Mbeyu alimwomba radhi, akageuka aondoke. Alikuwa amefika mlangoni mzee alipomwita. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akipanga makopo ambayo tayari yamepangika. Alisema kwamba karibu na hekalu kuna duka, mwenyewe ni Banyani, naye mambo ya posa hayamhusu na ya pombe pia hayamhusu.

"Ukifika sema jav. Ukisema shayiri utauziwa maiti tena."

Jav iliota. Ilitoa vijikia vyeupe katika gunia bichi, na Wekesa aliigeuza asubuhi na jioni kwa vidole, kama alivyofundishwa na bibi yake, akimkataza Mbeyu hata kuipumulia. Tatizo likawa kukausha. Mvua za El Nino zilikuwa hazijaacha kunyesha, na jua lilichungulia kama mtu mwenye deni la salamu. Wekesa akatandaza nafaka kwenye mabati, akayaweka juu ya injini za malori yaliyoingia gereji yakiwa bado yana moto wa safari. Oloo, fundi mwenzake, Mjaluo mrefu asiyeweza kuona jambo akalinyamazia, alitangaza gereji nzima kwamba Wekesa ameacha ufundi, sasa anapikia kuku. Nafaka ilikauka hata hivyo, na ilinukia biskuti, pengine na dizeli kidogo.

Sehemu moja waliikaanga mpaka ikawa nyeusi. Wakatwanga kwenye kinu, wakailoweka katika maji moto yasiyochemka, wakachuja kwa kifumbu, kile kile cha kuchujia tui. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi, kitamu, kizito. Walikichemsha na sukari guru, maganda ya danzi na giligilani iliyopondwa, na harufu ikatoka dirishani ikatembea Makupa, hata makanga wakawa wanauliza nani anapika halua.

Ilibaki chachu. Wekesa alitaka hamira ya dukani. Mbeyu alikuwa amekuja na kitu chake ndani ya kikopo: lile tope jeupe linalokaa chini ya dumu la tembo, ambalo kina mama wa Pwani waliumulia mkate wa kumimina kabla hamira ya dukani haijajulikana. Wekesa alinusa, akarudisha kichwa nyuma. Mbeyu akamwambia kwamba yeye Wekesa ameleta kimea chake, na hakuna aliyemuuliza.

Tope likaingia. Kesho yake mfuniko wa ndoo ulikuwa umeinuliwa na povu, na ndani kulikuwa na mnong'ono mfululizo, kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Walisimama juu ya ndoo ile wameshikana mikono, watu wazima wawili, wakisikiliza.

Povu liliposhuka walitia bia katika chupa nene za mvinyo zilizotupwa na hoteli moja ya mjini, kila chupa na kijiko cha sukari guru. Wekesa alizipiga vizibo akavikaza kwa waya na koleo, kwa nguvu ile ile aliyokazia ekzosi. Chupa moja aliipeleka gereji akaifungia katika sanduku la spana, aone kama itavumilia joto. Nyingine alizipanga chini ya kitanda. Kitabu kilisema ziachwe zilale miezi kadhaa, na wao walidhani wanayo.

Hawakuwa nayo. Ami Charo alituma salamu kwamba yuaja Mombasa Jumapili, na mzee Kahindi akasema kama kuna mtu ana kadzama, ailete siku hiyo hiyo. Mbeyu aliposikia alikwenda Makupa moja kwa moja kutoka shuleni. Wekesa hakuwapo. Lori lilikuwa limekwama Mariakani, naye amelifuata. Mbeyu alikuwa na ufunguo.

Chumba kilikuwa tanuri. Aliinama akachungulia chini ya kitanda, akaona vizibo vimevimba na waya umekaza kama uzi wa gambusi. Chupa moja ikatoa mluzi mwembamba.

Mbeyu alikuwa mtoto wa watu wa tembo la mnazi. Tangu aweze kubeba dumu alifundishwa kwamba dumu la tembo halifungwi. Hulegezwa mfuniko, au huzibwa kwa kumbi la nazi, tembo lipate kupumua, maana tembo lililofungwa hulipuka, likampofusha mtu. Hilo halikuwa jambo la kufikiri. Alizitoa chupa moja moja, akafungua waya, akalegeza vizibo. Kila chupa ilishusha pumzi ndefu. Akaziba midomo kwa pamba, akazirudisha mahali pake, akaenda nyumbani akijiona ameokoa harusi.

Wekesa alirudi siku ya pili yake. Mbeyu alipofika alimkuta ameketi sakafuni katikati ya chupa, na kikombe mkononi. Bia ilikuwa imelala kama maji ya dimbwi. Joto lilikuwa limekwisha kuitia ukali wa siki.

"Nani amefungua?"

"Mimi. Zilikuwa zataka kupasuka."

"Ndivyo inavyotakiwa. Zitake kupasuka, zisipasuke."

"Wekesa, kwetu dumu la tembo halifungwi."

"Hili si tembo. Na hapa si kwenu."

Neno likatoka likasimama katikati ya chumba. Wekesa alilisikia, akalitambua. Ndilo aliloambiwa Likoni, kutoka nje ya dirisha, kabla ya moto. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba nacho chaweza kulipuka.

Mbeyu, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu alipoota meno, alikuwa na majibu kadhaa na yote yalikuwa makali. Aliyaacha. Akaketi sakafuni kando yake.

"Ningekuuliza kwanza," akasema.

"Na mimi ningekuambia kwanza," Wekesa akasema. "Nilijua unajua, kwa sababu kila kitu unajua."

 Malori yalipita barabarani, chupa zikagongana polepole. Kisha Wekesa akakumbuka sanduku la spana, akatoka mbio bila viatu.

Jumapili, mchana, kadzama iliingia nyumba ya Tudor: chupa moja. Wekesa alikuja na Oloo, kwa kuwa wazee wake walikuwa mbali, na posa haisemwi na mwenye posa peke yake. Ami Charo aliwakaribisha, akawapima kwa macho, mmoja Mbukusu na mmoja Mjaluo, akasema leo Umoja wa Mataifa umehamia Tudor. Oloo akamjibu kwamba hata Umoja wa Mataifa huja na chupa, mzee, haujakuja mikono mitupu. Charo alijizuia asicheke, hakuweza. Lakini alipoiona chupa yenyewe uso ulimrudi.

"Hii ni kadzama au dawa ya kikohozi?"

Wekesa alisimama. Hotuba waliyoipanga ilimpotea yote. Alimwambia mzee Kahindi kwamba kwao hakuna minazi, na hangeweza kuja na tembo la mtu mwingine akaliita lake. Ameleta alichokipika kwa mikono yake na ya Mbeyu, kwa kufuata hadithi za mzee mwenyewe. Chupa zilikuwa nyingi, imebaki hii. Akaketi.

Mzee Kahindi aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyeusi, na ukingoni nyekundu kama mkufu wa shaba.  Aliitazama kwa muda mrefu hata Charo akaanza kukohoa. Mbeyu, aliyesimama mlangoni mwa jiko kama desturi inavyotaka, alijua kwamba babake akiiweka chupa ile mezani bila kuifungua, imekwisha. Hakutakuwa na kelele, hakutakuwa na tusi. Wageni wataichukua waende.

"Mbeyu," mzee akaita. "Uchi huu ninywe?"

Ndivyo baba anavyomuuliza binti, na binti akikubali bado baba ana hiari yake.

"Kunywa, baba."

Mzee akaanza kufungua waya. Kizibo kiliruka kikapiga boriti, na povu likapanda, lakini kikombe kilikuwa kimekwisha kuwekwa chini ya mdomo wa chupa. Mkono wa mzee ulifika kabla ya akili za watu wote waliokuwamo. Hakumwaga tone. Akamimina katika vikombe vya kahawa, kidogo kidogo, kila mtu chake, akaacha kitope chini ya chupa. Akanusa. Akanywa.

"Siyo," akasema. "Hii siyo ile."

Wekesa alishusha kikombe chake magotini bila kukionja. Mbeyu alishika fremu ya mlango. Mzee akanywa tena, akaizungusha mdomoni, akatazama dari kama mtu anayesaka jina la mtu.

Ile ilikuwa na uzito, alisema. Hii ni changa, imetolewa chuoni haijajua kusoma. Povu lake bado lina fujo, lingeachwa lingetulia. Sukari ni nzuri, sukari haina neno. Na nafaka nyeusi imeunguzwa upande mmoja.

"Nani aliyekaanga?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa chombo gani?"

"Kikaango cha chapati."

Mzee Kahindi alimgeukia ndugu yake kwa uso wa mtu aliyesikia fedheha, kisha akamrudia Wekesa. Alimuuliza kama alikuwa akikoroga au alikuwa akipiga soga. Wekesa alikiri kwamba yote mawili. Mzee alitikisa kichwa, akamaliza kikombe mpaka tone la mwisho, akakisukuma mbele kidogo.

"Kadzama ya pili hukaangi wewe. Mtaipikia hapa, nikiona."

"Ya pili?" Ami Charo akauliza, maana alikuwa mtu wa desturi, na hakuna ya pili kama ya kwanza haikukubaliwa.

"Kwani nimesema Kichina? Yalala muda gani hii, ili ikomae?"

Wekesa alisema kitabu kinataja miezi, na zingine hulala mwaka.

"Basi mwaka huo hamwendi popote," mzee akasema. "Siwezi kukaa na chupa za watu peke yangu, zikipasuka nimlaumu nani?"

Akainuka akaenda jikoni, akampita Mbeyu mlangoni bila kumtazama, ila alimgusa bega kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akiligusa sufuria kujua joto lake. Charo alikuwa amekwisha kuchukua chupa na kuikamua katika kikombe chake, kitope na vyote, akimwambia Oloo kwamba dawa ya farasi kumbe si mbaya.

Wekesa alimsogelea Mbeyu. Uso ulikuwa na jasho kama aliyetoka chini ya lori. Alimuuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana, kwa sababu yeye alichosikia ni kutukanwa tu.

"Baba huwa hamkosoi mgeni mapishi," Mbeyu akamwambia. "Mgeni hata akimlisha mkaa, humwambia asante."

Kutoka jikoni zikaanza kelele za masufuria yakivutwa na kupangwa upya. Mzee alikuwa akitafuta lile kubwa, la kupikia pilau ya harusi, akiuliza kwa sauti ni nani aliyelisogeza.